IBN AL-NAFIS: FAQIHI ALIYEIFUATA NJIA YA DAMU



Ndugu msomaji, sifa zote njema ni za Allah (SW) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika Ramadhani tunasikia habari za moyo kila usiku. Masheikh wetu wanatukumbusha tuusafishe moyo, tuulainishe moyo, tuuzindue moyo ulioghafilika. Ni mawaidha mazuri na tunayahitaji. Lakini kuna na huu moyo mwingine, wa nyama, unaodunda kifuani kama mara 70 kwa dakika, yaani kama mara laki moja kwa siku, uwe umelala au umesimama kwenye tarawehe. Huu nao ni katika alama za Mwenyezi Mungu. Na mtu wa kwanza anayejulikana kuandika kuwa damu hutoka upande mmoja wa moyo, ikaingia mapafuni, ikakutana na hewa, kisha ikarudi upande wa pili, alikuwa Mwislamu. Tena alikuwa mwalimu wa fiqhi wa madhehebu ya Imam Shafi, yale yale tunayosomeshwa madrasa.

Jina lake ni Ibn al-Nafis. Kila mwanafunzi wa shule ya upili hapa Kisii na Nyamira aliyesoma bayolojia ameuchora moyo katika daftari lake, upande mmoja rangi ya samawati, upande wa pili nyekundu. Ukimuuliza ni nani aligundua mzunguko wa damu, atakutajia Mwingereza William Harvey, kama anakumbuka jina lolote. Hajakosea, na mbele tutaona kwa nini. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Leo inshallah tuisome nusu ile nyingine.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Jina lake kwa urefu ni Alaauddin Ali bin Abi al-Hazm al-Qarshi. Alizaliwa nchi ya Sham, katika mji wa Damascus au kijiji cha karibu yake, mwanzoni mwa karne ya 7 ya Hijra. Wanahistoria wengi hutaja mwaka 1213, wengine 1210. Alisoma elimu ya dini na lugha ya Kiarabu, na katika ujana wake akaingia kwenye utabibu.

Damascus ya wakati huo ilikuwa na hospitali kubwa iliyojengwa na Sultani Nuruddin Zangi mwaka 1154. Watu waliiita al-Nuri. Haikuwa mahali pa kutibiwa tu, ilikuwa pia mahali pa kusomea. Mwalimu mkuu wa hapo alikuwa tabibu mashuhuri aitwaye al-Dakhwar, aliyefariki mwaka 1230. Wanafunzi walimfuata mwalimu kitanda hadi kitanda, wakimwona anavyomuuliza mgonjwa na anavyopima mapigo, halafu wanakaa kusoma vitabu. Ndivyo hata leo wanafunzi wa udaktari wanavyofundishwa. Al-Dakhwar huyu aliitoa nyumba yake mwenyewe iwe wakfu, isomeshwe utabibu ndani yake. Ibn al-Nafis aliuona mfano huo akiwa kijana, na utaona mbele kwamba hakuusahau.

Baadaye alihamia Cairo, Misri. Huko ndiko alikoishi, akatibu, akasomesha na kuandika mpaka mwisho wa maisha yake. Zilikuwa zama ngumu kwa umma. Mwaka 1258 Wamongoli waliuteka mji wa Baghdad, wakamuua Khalifa na kuharibu maktaba. Miaka miwili baadaye majeshi ya Misri yaliwasimamisha pale Ain Jalut. Katika vurugu zote hizo, huyu bwana alikuwa ameinama juu ya karatasi anaandika.

WATU WALIAMINI NINI KABLA YAKE?

Ili tuelewe alichofanya, lazima tujue kwanza mambo yalivyokuwa. Kwa zaidi ya miaka elfu moja, bwana wa matabibu alikuwa Galen, Mgiriki aliyezaliwa Pergamon mwaka 129 na kufanya kazi Rumi. Galen alipasua nyani, nguruwe na wanyama wengine, akaandika mambo mengi ya kweli. Waislamu, Mayahudi na Wakristo, wote walimsoma.

Galen alisema damu hutengenezwa kwenye ini kutokana na chakula, kisha husambaa mwilini na kuishia huko, kama maji ya mto Gucha yanavyoteremka kwenda ziwani bila kupanda tena mlimani. Lakini hapo alipata tatizo. Moyo una upande wa kulia na upande wa kushoto, na pande zote mbili zina damu. Sasa damu inavukaje kutoka kulia kwenda kushoto? Galen akajibu kwamba katika ule ukuta wa nyama unaozitenga pande mbili kuna vitundu vidogo sana, havionekani kwa macho, na damu hupenya humo.

Jibu hilo lilipokewa. Hata Ibn Sina (980–1037), mwanachuoni mkubwa aliyeandika al-Qanun, kitabu cha utabibu kilichosomwa Mashariki na Magharibi kwa karne nyingi, hakulivunja. Na yeye aliongeza kuwa moyo una vyumba vitatu. Nani angethubutu kuwapinga watu wawili kama hao?

KIJANA WA MIAKA 29

Aliyethubutu alikuwa kijana. Karibu na mwaka 1242, akiwa na miaka kama 29, Ibn al-Nafis aliandika kitabu cha kusherehesha sehemu za al-Qanun zinazozungumzia viungo vya mwili. Kinaitwa Sharh Tashrih al-Qanun. Kazi ya sharhe unaijua, ndugu yangu uliyekaa madrasa: unachukua maneno ya mwandishi, unayafungua, unayafafanua. Wengi hukomea hapo. Yeye alipofika kwenye moyo alisimama.

Alisema ukuta ule wa katikati ni mzito na mgumu kuliko sehemu nyingine. Hauna tundu linaloonekana kama wengine walivyodhani, wala tundu lisiloonekana kama alivyodai Galen. Basi kama damu haipiti ukutani, na lazima ifike kushoto, inapita wapi? Akajibu kuwa inapita kwenye mapafu. Inatoka chumba cha kulia kwa mshipa mkubwa unaoelekea mapafuni, inaenea humo ndani na kuchanganyika na hewa, kisha inarudi kwa mshipa mwingine hadi chumba cha kushoto.

Akaangalia pia kuta za mishipa yenyewe. Mshipa unaopeleka damu mapafuni una ukuta mnene, na ule unaoirudisha una ukuta mwembamba. Akasema tofauti hiyo haikuwekwa bure. Ule mnene huzuia damu isitoke ovyo, ipite ile laini peke yake, na ule mwembamba ni mwepesi kupokea kinachokuja. Akasema kati ya mishipa hiyo miwili kuna njia ndogondogo za kupitia. Akasema tena kwamba moyo una vyumba viwili tu, si vitatu, na kwamba nyama ya moyo hupata chakula chake kutoka kwa mishipa iliyo ndani ya mwili wa moyo wenyewe, sio kutoka kwa damu iliyojaa vyumbani.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako, si lazima uende maabara. Mbuzi akichinjwa Idi, omba moyo kabla haujaingia sufuriani. Ukate kwa upana, kama unavyokata nyanya. Utaona matundu mawili, la kushoto lina kuta nene na la kulia kuta nyembamba, na katikati pana ukuta wa nyama tupu. Tafuta tundu la kupenya hapo, hutalipata. Kisha chukua kipande cha mapafu, yale wengine huyaita yavuyavu, ukitie kwenye maji. Kitaelea, kwa sababu kimejaa hewa kama sponji. Ini likitiwa litazama. Damu na hewa vinakutana katika sponji hiyo.

Alijuaje? Mwenyewe aliandika kwamba sharia na huruma vilimzuia kupasua miili, na kwamba katika maumbile ya viungo alitegemea waliomtangulia. Lakini katika kazi za viungo, alisema angefuata uchunguzi na fikra sahihi, hata zikikubaliana na wakubwa au zikiwapinga. Wataalamu bado wanajadiliana ni kiasi gani aliona kwa macho na kiasi gani alifikia kwa akili. Vyovyote iwavyo, alifika.

KWA NINI DAMU IENDE KWENYE HEWA?

Alichokiona Ibn al-Nafis kwa binadamu, leo tunakijua kwa mapana zaidi katika viumbe wengi. Kanuni ni moja. Kila sehemu ya mwili inahitaji oksijeni iliyo katika hewa, na inatoa hewa chafu ya kabonidayoksaidi. Mdudu mdogo kama panzi hahitaji damu imbebee oksijeni, kwa sababu ana vijitundu ubavuni vinavyoingiza hewa kwa mirija hadi ndani kabisa. Lakini mwili ukiwa mkubwa, lazima pawe na kitu cha kubeba, nacho ni damu, na pawe na kitu cha kuisukuma, nacho ni moyo.

Nenda soko la Daraja Mbili mjini Kisii, pale wanapouza samaki wa ziwani. Mfunue ngege mashavu yake, utaona matamvua mekundu. Uwekundu ule ni wa damu. Moyo wa samaki una vyumba viwili vikuu tu, kimoja cha kupokea na kimoja cha kusukuma. Damu inasukumwa mara moja, inapita kwenye matamvua kuchukua oksijeni iliyoyeyuka majini, inakwenda mwilini moja kwa moja, ndipo inarudi moyoni. Ni duara moja.

Chura ana vyumba vitatu. Damu kutoka mapafuni na damu kutoka mwilini zinaingia kwa milango tofauti lakini zinakutana chumba kimoja cha kusukuma, kwa hiyo zinachanganyika kiasi fulani. Chura hajali sana, maana ngozi yake mbichi nayo inapumua.

Kuku, mbuzi na binadamu wana vyumba vinne, viwili vya kupokea juu na viwili vya kusukuma chini. Hivi viwili vya chini ndivyo alivyovihesabu Ibn al-Nafis. Hapa kuna maduara mawili kamili yasiyochanganyika. Upande wa kulia unasukuma damu kwenda mapafuni, na upande wa kushoto unaisukuma kwenda mwili mzima. Kina mama wanaosafisha kuku wanayajua mapafu yake, vile vipande vyekundu vilivyogandia kwenye mbavu ambavyo lazima uvikwangue kwa kidole. Ndege ana vifuko vya hewa vinavyoipitisha hewa mapafuni kwa njia moja bila kurudi nyuma, ndiyo maana anaweza kuruka juu sana bila kuzimia.

Halafu kuna kamongo, samaki wa Ziwa Victoria anayewashangaza wataalamu duniani. Kamongo ni samaki lakini ana mapafu mawili. Ukimzuia asipande juu kuvuta hewa, atakufa ndani ya maji. Moyo wake umeanza kugawanyika, ila ukuta haujakamilika. Ukame ukija anajichimbia kwenye tope na kupumua humo akisubiri mvua. Mwaka 1932 mwanasayansi wa Marekani, Homer Smith, alichapisha kitabu akakipa jina hilo hilo, Kamongo. Kumbe jina la samaki tunayemwona sokoni limesomwa New York, na sisi tunapita tu!

Na sisi wenyewe tunaoishi milimani tuko katika somo hili. Mji wa Kisii uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Mgeni kutoka pwani akipanda kilima cha Manga atahema kabla yako. Akikaa muda mrefu mwili wake utaongeza chembe nyekundu za damu, zibebe zaidi kutoka katika hewa iliyo haba. Subhanallah!

FAQIHI NA TABIBU KWA WAKATI MMOJA

Turudi kwa mtu wetu. Huko Cairo alipanda daraja hadi akawa mkuu wa matabibu wa Misri, na Sultani Baybars, aliyetawala kuanzia 1260 hadi 1277, alimtumia kama tabibu wake. Wakati huo huo alikuwa akisomesha fiqhi ya Shafi katika madrasa ya Masruriyya. Aliandika kuhusu misingi ya elimu ya hadithi. Aliandika kuhusu sira. Aliandika kuhusu macho na kuhusu vyakula vya wagonjwa. Ufupisho wake wa al-Qanun, uitwao al-Mujaz, ulisomwa na matabibu kwa karne nyingi baada yake. Na alianza kitabu kikubwa cha utabibu, al-Shamil, akikusudia kifike juzuu 300. Alikamilisha kama 80. Hebu fikiria, juzuu 80 kwa mkono, bila tapureta wala kompyuta!

Waliomjua walimweleza kuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye murua. Alipotaka kuandika aliwekewa kalamu zilizokwisha kuchongwa, akageuka kuukabili ukuta, akaandika kutoka kichwani bila kurejea kitabu. Kalamu ikichakaa aliitupa na kuchukua nyingine, asipoteze muda kuchonga. Imesimuliwa kuwa siku moja alikuwa hamamuni anaoga, akatoka katikati ya kuoga, akaagiza wino, kalamu na karatasi, akaandika risala kuhusu mapigo ya mishipa mpaka ikaisha. Ndipo akarudi kumalizia kuoga.

Vijana wenzangu, hapa pana jambo la kuzingatia. Huyu mtu alisoma elimu ya hadithi. Nini msingi wa elimu ile? Kwamba habari haikubaliwi kwa kuwa imetajwa na mtu maarufu, au kwa kuwa imezagaa. Inaangaliwa imepitia kwa nani, na je, inasimama? Mtu aliyelelewa katika mizani hiyo, akiambiwa na Galen kuna vitundu visivyoonekana, si ajabu akauliza ushahidi uko wapi. Na tazama adabu yake. Hakumtukana Galen, wala hakumdharau Ibn Sina. Alitumia sehemu kubwa ya umri wake kuvisherehesha na kuvifupisha vitabu vya Ibn Sina. Aliwaheshimu kwa kuwasoma mpaka mwisho, na palipokuwa na kosa akasema hapa pana kosa. Kwangu mimi, heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu ni hiyo.

MWISHO WAKE

Mwaka 687 Hijria, sawa na 1288, Ibn al-Nafis aliugua kwa siku kama sita. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu. Matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kama dawa, na zama zile ilikuwa kawaida kwa matabibu kuutumia. Akakataa. Alisema hataki kukutana na Allah (SW) na tumboni mwake mna kitu cha ulevi. Akafariki mwezi 21 Dhul-Qaada, tarehe 17 Desemba 1288, huko Cairo. Allah amrehemu.

Hakuoa wala hakuacha mtoto. Miaka michache kabla, mwaka 1284, Sultani Qalawun alikuwa amejenga hospitali kubwa mjini Cairo iliyopokea matajiri na maskini. Ibn al-Nafis aliitolea wakfu nyumba yake na maktaba yake yote. Mwalimu wake alitoa nyumba kule Damascus, naye akatoa yake Cairo. Sadaka yenye kuendelea ndiyo hii, ndugu zangu.

KITABU KIKALALA

Ungedhani baada ya hapo dunia nzima ilibadilika. Haikubadilika. Watu waliendelea kusoma al-Mujaz, lakini ile sharhe yenye habari ya mapafu haikufuatwa na wengi. Ikalala katika rafu za maktaba.

Mwaka 1547 huko Venice zilichapishwa kwa Kilatini tafsiri za Andrea Alpago, tabibu wa Kiitalia aliyeishi Damascus miaka mingi, na ndani yake mlikuwa na sehemu ya maandishi ya Ibn al-Nafis. Mwaka 1553 Mhispania Michael Servetus aliandika kuwa damu hupita mapafuni, na mwaka 1559 Mtaliano Realdo Colombo akasema vivyo hivyo. Je, walipata kwa Ibn al-Nafis au walifika wenyewe? Wanahistoria hawajakubaliana. Mwaka 1628 William Harvey akaonyesha duara lote, kwamba damu hutoka moyoni, huzunguka mwili mzima na kurudi moyoni. Alipiga hesabu. Alionyesha kuwa damu inayosukumwa na moyo kwa nusu saa tu ni nyingi kuliko damu yote iliyomo mwilini, kwa hiyo lazima ni ile ile inayozunguka. Mwaka 1661 Marcello Malpighi akatumia darubini kuangalia pafu la chura, akaviona vimishipa vyembamba vinavyounganisha mishipa mikubwa. Zile njia ndogondogo alizozisema Ibn al-Nafis zilikuwa zimeonekana, baada ya miaka zaidi ya 400.

Na yeye mwenyewe? Alibaki amesahaulika mpaka mwaka 1924. Daktari kijana wa Kimisri, Muhyiddin al-Tatawi, alikuwa Ujerumani akiandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Freiburg. Akauona mswada wa sharhe ile katika maktaba ya Berlin, akausoma, akashtuka. Alipoandika, walimu wake waliona ajabu, wakamtafuta mtaalamu Max Meyerhof aliyekuwa akiishi Cairo ahakikishe. Meyerhof akahakikisha na kuitangaza habari kwa wasomi. Mgunduzi alikuwa kijana, na aliyemfufua alikuwa kijana.

TUSEME UKWELI, TUSIZIDISHE

Wengi wetu tukisikia habari hizi tunaruka na kusema Waislamu waligundua kila kitu, Wazungu wakaiba. Tusiseme hivyo, hasa katika mwezi wa kuchunga ulimi. Ibn al-Nafis alieleza duara dogo, la moyo na mapafu. Hakueleza duara kubwa la mwili mzima. Hilo ni la Harvey, na haki yake apewe. Ibn al-Nafis aliendelea kuamini kuwa damu hutengenezwa kwenye ini, na kwamba katika chumba cha kushoto huzaliwa roho ya uhai kwa mchanganyiko wa damu na hewa. Oksijeni haikujulikana mpaka karne ya 18. Alikosea pale ambapo zama zake zote zilikosea, na alipatia pale ambapo zama zake zote zilikosea. Hilo la pili latosha kuwa fahari. Halihitaji kuongezewa chumvi.

SISI WA GUSII TUNAPATA NINI?

Huku milimani Waislamu ni wachache. Mtoto wetu anakwenda shule siku za wiki, na Jumamosi na Jumapili anakwenda madrasa. Akifika shule ya upili mara nyingi anaambiwa achague. Kuna wazazi wanaosema madrasa itamrudisha nyuma kwenye mtihani, basi anaachishwa. Kuna wengine wanaona sayansi itamharibia imani. Huku tunampoteza hafidhi, na huku tunampoteza daktari. Ibn al-Nafis angeishangaa mizozo hii. Aliyesomesha fiqhi Masruriyya na aliyeuchambua moyo alikuwa ni mtu mmoja.

La pili ni kuandika. Wagusii walikuwa na wapasuaji wao wa jadi, omobari, waliofungua fuvu la mtu aliyeumia kichwani, wakaondoa mifupa iliyovunjika, na mgonjwa akapona. Elimu ile ilipita kutoka mkono hadi mkono, na wageni ndio walioiandika kwa wingi. Elimu ya Ibn al-Nafis iliandikwa, lakini nayo ikalala karibu miaka 640 kwa kukosa wa kuifuata. Kwa hiyo kuandika peke yake hakutoshi. Lazima awepo kijana wa kwenda maktaba, anayejua Kiarabu na anayejua utabibu, akaufungua mswada na kuelewa alichoshika. Al-Tatawi alikuwa na funguo zote mbili. Angekosa mmoja, mlango usingefunguka.

Basi wewe uliye darasani mwaka huu, mvulana kwa msichana, usiuache ufunguo wowote. Soma kitabu cha bayolojia kama unavyosoma kitabu cha fiqhi, kwa makini na kwa kuuliza. Na wewe mzazi, siku ya Idi usiwafukuze watoto karibu na mbuzi. Mpe mmoja ule moyo aukate, umuulize damu inapita wapi. Huenda akakuuliza swali usiloweza kulijibu, na hapo ndipo elimu inapoanzia.

Tunamuomba Allah (SW) amrehemu Ibn al-Nafis na walimu wetu wote waliotangulia, azikubali funga zetu na visimamo vyetu, na atujaalie elimu yenye manufaa na nyoyo zilizo hai, ule wa nyama na ule wa imani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.